Jibu: Ethi ya kabati la antena kwenye mnara wa msongo mkubwa

Salaam mkuu. Nikikuelewa, kabati lako la antena liko kwenye mnara wa msongo mkubwa, linalishwa na umeme wa kawaida wa mtaani, na hujui waya wa ethi (wa kupeleka mkondo ardhini) wa kebo inayoleta umeme huo uufunge kwenye mnara au upige fito yako ya chuma ardhini pembeni.

Usiufunge mnarani. Laini ikipata hitilafu, mkondo unashukia miguuni mwa mnara. Kwa mfano, ampea 2,000 kwenye ethi ya mnara yenye ukinzani wa omu 10 ni volti 20,000, na waya huo utazisafirisha hadi majumbani. Fito ya pembeni nayo bure, iko kwenye udongo uleule unaopanda volti pamoja na mnara.

Kwanza angalia kama kuna transfoma ya kutenganisha (inayopitisha umeme bila nyaya za pande zake mbili kuungana) inayohimili volti hizo. Upande wa kabati, nyutro na vyuma vyote vifungwe mnarani. Upande wa mtaani, chochote kisiguse mnara, hata ganda la chuma la kebo. Niliwahi kukuta kazi safi kabisa, ila glandi ya shaba (kifungio cha kebo inapoingia) imebana ganda hilo kwenye kabati. Transfoma ikawa pambo.

Mita ya kubana (ya kupima ukinzani wa ethi) mguuni usiiamini: inapima mguu mmoja kupitia miguu mingine, namba yake si ya ethi ya mnara mzima. Mkondo wa hitilafu waulize wenye laini kabla hujanunua transfoma.