Kachukuliwa na Watani: Kwa Wenye Kinyongo Kama Changu

Juzi usiku nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Mkoani, huku kwetu Pemba. Kaandika kwa urefu, nafupisha. Timu yao ya mtaa ilikuwa na winga mmoja wa kushoto, wamemlea wenyewe, na siku mbili kabla usajili haujafungwa kachukuliwa na timu ya mtaa wa pili. Jumapili hii wanakutana. Anauliza: "Kaka, nifanyeje? Nikimuona njiani damu inanichemka. Salamu yake siitiki. Na mamake ni shoga yake mama yangu, wanashinda pamoja."

Nimeusoma mara tatu nikaiweka simu chini. La kumjibu ninalo, lakini siwezi kulisema bila ya kwanza kusimulia yangu, na yangu sijawahi kuyaandika.

Mie ni mtu wa Wete. Wakati huo nilikuwa mshika fedha wa timu yetu ya vijana, ingawa fedha yenyewe ya kushika ilikuwa haipo. Kijana alikuja kwetu akiwa na miaka 13, katokea upande wa Konde, mamake kahamia mjini anauza mikate ya ufuta. Alikuja pekupeku, kasimama pembeni ya uwanja wa skuli siku tatu bila ya kusema neno. Siku ya nne mpira ukatoka nje, akaurudisha kwa mguu wa kushoto, ukaanguka kifuani kwa mchezaji aliyekuwa upande wa pili kabisa. Mwalimu akamuita.

Njumu zake za mwanzo nilizinunua mimi, Darajani, nilipokwenda Unguja kwenye msiba wa ami yangu. Zilizokuwepo zilikuwa namba 41 na yeye anavaa 39. Nikazichukua hivyo hivyo. Mbele tukatia tambara, kipande cha kanga ya zamani ya mke wangu, tukakikunja vizuri kisije kikajikusanya chini ya vidole. Alizichezea misimu miwili. Kila Ijumaa tambara lile lilikuwa likioshwa na kuanikwa ukutani kwao, nikipita naliona.

Jezi tulizipata kwa karafuu. Msimu ulipoingia timu nzima tuliingia shambani kwa mzee mmoja, tukachuma, tukalipwa kwa pishi, na hakuna aliyekwenda na shilingi nyumbani. Yeye alikuwa hodari wa kupanda kuliko wote. Matawi ya juu kabisa, yale ambayo wengine tukiyaangalia kwa chini, yalikuwa yake. Kwa hiyo ile jezi namba 10 aliyokuja kuivaa hatukumpa sisi, aliichuma mwenyewe. Hili nimelifahamu baadaye sana.

Miaka ya katikati naipita. Alikua, alifunga, watu wakawa wanafunga maduka kuja kumuona.

Alipokuwa na miaka 17 watani wetu walipata mfadhili, mtu aliyekuja likizo kutoka Uarabuni na pesa mkononi. Wakampelekea mamake gunia la mchele, yeye wakampa baskeli mpya. Lakini kilichomchukua hasa ni ahadi: wanamjua mtu Unguja atakayemuingiza kwenye timu ya kikosi. Msomaji wa nje ya visiwa hivi huenda asiuone uzito wa maneno hayo. Kwetu timu kama KMKM, JKU, KVZ, Mafunzo na Zimamoto ni timu za vikosi vya Serikali ya Zanzibar. Mchezaji akiingia huko anaweza kupata ajira, avae sare, apokee mshahara mwisho wa mwezi, na siku goti likikataa kazi inabaki. Timu ya mtaa itashindana vipi na hilo? Sisi tulikuwa na tambara la kanga.

Habari nilizipata barazani, baada ya magharibi, kikombe cha kahawa kimo mkononi. Mtu mmoja kasema tu, kama anayezungumzia mvua: "Namba kumi wenu kesha tia sahihi kule." Sikuamini. Alasiri ya siku ile alikuwa aje mazoezini na sisi tulimsubiri. Nikainuka nikaenda kwao. Mamake alikuwa anachoma mikate, hakuinua uso. Akaniambia, "Kenda, baba. Mie kaniaga. Kumbe nyie hakukuageni?"

Hakutuaga. Mpaka leo, wallahi, hilo ndilo linaloniuma. Kuhama nimeshamsamehe.

Wiki tatu baadaye tukakutana nao. Uwanja umejaa, watoto wamepanda miembe. Dakika za mwanzo tu akatufunga, kwa mguu ule ule, na hakushangilia. Angelishangilia labda ningelinyamaza. Alivyoinamisha kichwa na kurudi katikati ya uwanja nilipandwa na kitu nisichokijua. Nikasimama, mtu mzima na watoto wangu, nikapiga ukelele: "Mwana wa muuza mikate! Umeuzwa kwa gunia la mchele!"

Vijana wakalidaka. "Gunia la mchele! Gunia la mchele!" Upande wetu wote, mpaka filimbi ya mwisho, na ngoma juu yake. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilirudi nyumbani nimefungwa na nimefurahi.

Kesho yake asubuhi mamake alibisha mlangoni kwangu. Mie sikuwepo, alimkuta mke wangu. Hakusema kitu ila salamu. Alimpa furushi la gazeti akaondoka. Ndani mlikuwa na zile njumu namba 41, zimeoshwa, zimekaushwa, kamba zimefungwa. Ameshazipita kwa umri, alikuwa havai tena, lakini mama alikuwa kaziweka. Tambara la kanga lilikuwa bado limo mbele, limekunjwa vile vile tulivyolikunja.

Mke wangu aliziweka mezani, hakuniuliza. Kwa mwaka mzima na zaidi nyumbani kwetu haukuliwa mkate wa ufuta.

Sasa, ndugu zangu mnaosoma haya na mnao ugonjwa huu. Najua mnao, maana sote tunaupenda mpira, sote tunataka timu zetu zifike mbali, na sote tuna jina moja ambalo likitajwa mate yanageuka shubiri. Nilidhani nimepona. Halafu ikaja Desemba 2022.

Mie ni Yanga. Feisal Salum ni mtoto wa Unguja, katoka JKU kwenda Yanga 2018, na kila alipogusa mpira pale Jangwani, makao ya Yanga, sisi wa visiwani tulikuwa tukisema "wetu huyo". Siku aliposema anavunja mkataba na kuondoka, baraza letu lilipasuka vipande viwili. Wa Simba wanacheka. Wa Yanga, Wapemba na Waunguja watupu, wanamtukana mtoto wa kwao kuliko walivyomtukana watu wa Dar es Salaam. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, hachezi. Mpaka Juni, Yanga imetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na USM Alger, Rais Samia mwenyewe akawaambia viongozi walimalize jambo la kijana. Wiki ile ile akenda Azam.

Na mimi, niliyerudishiwa njumu, nilikuwa wapi? Nilikuwa barazani nasema. Nilisema hana shukrani. Nilisema kalelewa na klabu kasahau. Mzee mmoja, muuza samaki, mtu wa Simba kwa maisha yake yote, akaniuliza kwa upole: "Kijana kalelewa na Yanga au kalelewa JKU?" Nikanyamaza. Pale JKU walipompoteza 2018 mie nilishangilia. Kidonda cha mwenzangu nilikiita mafanikio ya Mzanzibari.

Ndiyo maana nawaambia vijana: kabla hujamwita mtu msaliti, hesabu kwanza wewe umewachukulia wangapi. Klabu kubwa unayoishangilia imejengwa kwa namba kumi za watu. Ibrahim Bacca katoka KMKM kuja Yanga, na kule nako walikuwepo watu wa kuumia. Wangapi wetu tuliuliza habari zao?

Kuumia si kwetu tu. Kwa Uingereza mie ni Arsenal, na Robin van Persie aliyefunga mabao 30 ya ligi msimu wa 2011/12 akaenda Manchester United kiangazi kile kile. Aprili 2013 wakaja Emirates wameshachukua ubingwa, wa 20 kwao, na wachezaji wetu wakajipanga mistari miwili wakampigia makofi akipita. Nilikuwa bandani nimelipa kiingilio kuangalia hilo. Akatufunga na penalti, ikaisha 1-1. Barcelona nao, Luís Figo alipohamia Real Madrid mwaka 2000, miaka miwili baadaye akarudi Camp Nou akatupiwa kichwa cha nguruwe akienda kupiga kona. Watu wenye viwanja vya maelfu na mikataba ya mamilioni, na bado mtu mzima kabeba kichwa cha nguruwe kutoka nyumbani. Nikiiona picha ile naikumbuka sauti yangu.

Basi ushauri wangu ni huu, na nitaurudia kwa kuwa najua hausikiki mara moja.

Mtunzeni mchezaji angali wenu. Sisi tulikuwa tukimwambia yule kijana kila siku: mcheza kwao hutunzwa. Tulimtunza nini? Makofi. Wazee wetu waliposema hutunzwa walikuwa na maana ya kitu kinachotoka mkononi kikaingia mkononi. Mwenye ngoma alikuwa akitiwa noti kwenye kofia. Sisi tulimuona anapanda mkarafuu kujichumia jezi, tukaona tumempa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa na mamake kumuuliza mwanawe anataka kuwa nani. Wenzetu walikwenda, tena walikwenda na mchele.

Halafu andikeni. Timu zetu za mitaani zinaishi kwa maneno, na maneno hayamzuii mtu. Mkataba ukiisha mchezaji yuko huru, na kwa kanuni za FIFA mwenye mkataba anaruhusiwa kuzungumza na klabu nyengine ukibaki miezi sita. Hiyo si hila, ni haki yake. Wekeni fomu za usajili za kila msimu, picha, tarehe ya kuzaliwa, msizitupe. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Klabu ngapi zetu zinaweza kuonesha karatasi kwamba fulani alikuwa wao? Sisi fomu zetu zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki nyumbani kwa katibu, zikaliwa na mchwa.

Na mchezaji, wewe unayesoma hapa na unajua unaondoka: aga. Nenda kwa mwalimu usiku kama unaona haya mchana. Sema, "Nakwenda, nipeni radhi." Watakufokea, watakununia, lakini hawatobaki miaka wakijiuliza kwa nini hukuwaona watu wa kuagwa. Aga, mwanangu. Usimwachie mamako kazi ya kukuagia.

Na shabiki: mama wa mtu hachezi. Zomea mpira, zomea pasi mbovu, piga ngoma mpaka ipasuke. Mama yake, mikate yake, umasikini wa kwao, usiutie mdomoni. Nitarudia tena: usiutie mdomoni. Nililolisema mie lilichukua pumzi moja, na yule mama alihama mtaa.

Yule kijana timu ya kikosi hakuipata. Alicheza kwa watani misimu minne, goti likamtoka, sasa anaendesha gari ya abiria Wete na Chake. Nampanda mara nyingi, sina njia nyengine. Nauli yangu hapokei. Utingo akifika kwangu anaruka, kaambiwa. Mwanzo nilikasirika, niliona ananidhihaki, nikawa naiacha pesa juu ya kiti na kushuka. Mwaka jana, siku ya pili ya Idi, niliteremka Chake nikazunguka mpaka dirishani kwake. Nikamwambia, "Siku ile uwanjani nilikosa. Na kwa mamako nilikosa zaidi." Akaangalia mbele, mikono kwenye usukani. Akasema, "Mama kesha kusamehe, mzee." Yeye mwenyewe kama kanisamehe hakusema, na habari ya kuaga hakuitaja. Nami sikumuuliza. Watu walikuwa wanapanda, akaondosha gari.

Mdogo wangu wa Mkoani, mechi yenu ni Jumapili. Nenda kwao kabla yake, Ijumaa baada ya sala ni wakati mzuri. Usiende kumrudisha, keshasajiliwa. Nenda umwambie mmeumia, umuulize kwa nini hakuaga, umsikilize, na ukitoka umwamkie mamake. Mie sikufanya hivyo. Siku ya mechi kaa na wenzako karibu na ngoma, na akianza mmoja wao kutaja jina la mama, wewe ndiye uliyenisoma, mzuie. Kisha niandikie matokeo, hata mkifungwa.