Mazoezi ya Maisara na Maandazi ya Saa Moja

Miezi mitano mizima nilitembea kila alfajiri, na sikupungua hata kilo moja. Nilianza nikiwa na kilo 84. Siku niliyopanda mizani tena nikakuta 85. Naandika haya kwa ajili ya kina mama wenzangu, na kina baba pia, ninaowaona kwenye viwanja vya Maisara na Mnazi Mmoja hapa Unguja wakitoka jasho kwa nia njema kabisa, kisha wanarudi nyumbani wamevunjika moyo. Mazoezi hayana kosa. Kosa liko kwenye hesabu, na mimi niliikosea mara mbili.

Sisi Wazanzibari mazoezi tunayapenda. Vikundi vimejaa mitaani, tunakimbia barabarani kwa safu huku tunaimba, na tarehe 1 Januari tuna siku yetu ya mazoezi kitaifa. Mimi nilijiunga na wenzangu wa mtaani baada ya daktari kuniambia sukari yangu imeanza kupanda. Tukishasali alfajiri tunakutana Maisara, tunashika njia ya Mazizini, tunarudi. Kilomita 5, saa nzima. Ikifika saa moja tumeshakaa kwa mama mmoja anayeuza chai, kila mtu na kikombe chake cha chai ya maziwa na maandazi mawili. "Kula shoga, ushayachoma," tulikuwa tukiambiana. Nami nikila kwa moyo mweupe.

Nilikuja kuamka siku nilipopika maandazi ya kumpelekea wifi yangu na nikaamua kupima kila kitu. Unga kilo moja, sukari gramu 150, tui la nazi moja, na mafuta mililita 500 kwenye karai. Yalitoka maandazi 32. Nilipomaliza kukaanga niliacha mafuta yapoe, nikayachuja, nikayarudisha kwenye jagi la kupimia. Yalirudi mililita 350. Zile 150 nilizitafuta kwenye chujio, kwenye karai, kwenye karatasi niliyotandika chini ya maandazi. Karatasi ilikuwa na madoa tu. Mafuta yalikuwa ndani ya maandazi.

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu moja ya wanga, sukari au protini ina 4. Kwa hiyo yale mafuta yaliyonywewa, kama gramu 138, yalikuwa karibu kalori 1,240. Unga kama 3,600. Sukari 600. Tui nalo nililikadiria 600. Gawanya kwa 32, kila andazi linabeba karibu kalori 190. Mawili ni 380. Ongeza chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, unafika 500.

Na matembezi yangu je? Mtu aliyekaa kitako hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa saa. Kutembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ni kama mara tatu na nusu ya hapo. Kwa kilo 84 inakuwa kalori 294. Lakini 84 kati ya hizo ningezitumia hata kama ningebaki nyumbani nimekaa, kwa hiyo kilichoongezeka kwa sababu ya kutembea ni 210. Nilikuwa natoa 210 kwa saa nzima ya jasho na kuingiza 500 kwa dakika kumi za mazungumzo, na moyoni najiona nimelipa deni. Lingekuwa andazi moja na chai kavu isiyo na sukari, matembezi yale yangelifidia na ziada ndogo ingebaki.

Kosa la pili lilikuwa la simu, na nina wasiwasi wengi wanalo bila kujua. Niliweka programu ya kuhesabu kalori. Mwanzo iliniuliza kama nafanya mazoezi, nikajibu ndiyo, siku nyingi za wiki. Ikanipangia chakula kwa kuzingatia jibu hilo. Halafu kila nikirudi Maisara nikawa naandika tena matembezi yangu, nayo inanirudishia kalori nile. Mazoezi yaleyale yalihesabiwa mara mbili.

Nieleze taratibu hapa, maana ndipo penye ufunguo. Ipo kanuni iliyotolewa mwaka 1990, inaitwa Mifflin-St Jeor, nayo hukadiria kalori ambazo mwili wako unatumia kwa siku ukiwa umepumzika tu. Kwa mwanamke: zidisha uzito wa kilo kwa 10, jumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. Mwanamume hatoi 161, anajumlisha 5. Mimi nina sentimita 160 na miaka 43, kwa hiyo kwa kilo 84 nilipata 1,464. Ukipata namba hiyo unaizidisha kwa 1.2 kama wewe ni mtu wa kukaa, au kwa 1.375 kama una mazoezi mepesi siku kadhaa za wiki. Kwangu 1.2 inatoa kama 1,757, na 1.375 inatoa 2,013. Angalia tofauti: ni 256. Hiyo ndiyo nafasi ya matembezi yangu, imeshawekwa mle ndani. Ukichagua 1.375 usiongeze kitu tena kwa ajili ya mazoezi. Ukichagua 1.2 unaweza kuongeza, lakini ongeza ile ziada tu, 210 yangu na si 294, na usiiamini sana namba ya saa ya mkononi au ya mashine ya kukimbilia, kwani mara nyingi zinazidisha.

Mimi nilichagua 2,013 na nikaacha kabisa kuandika matembezi. Nikatoa 500, nikabaki na chakula cha kalori 1,500 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo pengo la 500 kila siku linakaribia nusu kilo kwa wiki. Ni makadirio, mwili si daftari la duka. Lakini yananitosha kujua naelekea wapi. Chini ya 1,200 sishauri mwanamke ashuke bila daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wasipunguze kabisa kwa kusoma makala kama hii. Na mwenye kisukari anayetumia sindano au vidonge azungumze kwanza na daktari wake, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa chakula kingi inaweza kumuangusha akila kidogo na kutembea sana.

Basi hizo 1,500 nilizipata wapi, kwenye nyumba ya wali wa nazi? Nilianza na sahani yangu. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, nikapakua wali kama kawaida yangu, nikauweka juu. Gramu 420. Wali mweupe mtupu una kama kalori 130 kwa gramu 100, kwa hiyo kabla ya tui nilikuwa nimeshafika 546. Nikashuka hadi gramu 200. Mahali palipobaki wazi nikaweka mchicha na kipande kikubwa cha samaki. Changu wa kuchoma, gramu 150, ni kama kalori 190 na protini karibu gramu 40, na protini ndiyo inayokaa tumboni. Bahari hii tuliyopewa ni neema kubwa kwa mtu anayetaka kupungua, ilimradi tusimzamishe kila samaki kwenye karai.

Nazi sikuiacha, wala sitamwambia mtu wa Unguja au Pemba aache nazi. Ila nyama ya nazi iliyokomaa ina kama kalori 350 kwa gramu 100, na nyingi zinatokana na mafuta, ambayo mengi yake hupita kwenye kifumbu na kuingia kwenye tui zito. Nilichofanya ni kuteleka wali kwa tui jepesi, na tui la kwanza naliweka kwa mchuzi wa siku ya pili. Nazi moja ikapika siku mbili. Wanangu hawakuuliza.

Sukari ya chai niliishusha kijiko kimoja kila wiki mbili mpaka ikaisha. Kijiko kidogo ni kama kalori 16, hakitishi. Lakini vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni 192, karibu sawa na safari yangu yote ya Mazizini.

Palipo pagumu zaidi ni kwenye sinia. Ukienda harusini au kwenye hitima mnakaa wanne au watano kuzunguka biriani moja, mkono unakwenda na kurudi, na Bi mkubwa aliye pembeni yako anakusogezea nyama kwa mapenzi: "Kula mwanangu, mbona unadonoa?" Hakuna mizani hapo, na kukataa ni kumkosea. Mimi natazama upande wangu tu wa sinia, nakadiria sahani moja, nikifika mwisho wake nakula kachumbari na ndizi taratibu ili mkono usikae bure. Siku hiyo usiku nakula kidogo. Sijinyimi walima, na kesho yake siongezi mwendo ili kuufidia, kwani saa mbili za kutembea hazifuti sinia.

Urojo nao nauleta hapa kwa kuwa naulizwa sana. Mchuzi wenyewe si mzito sana. Uzito uko kwenye bajia, kachori na chipsi za muhogo, vyote vimetoka kwenye mafuta. Mimi naomba yai, mshikaki mmoja, kachori moja, chatne nyingi. Basi.

Ramadhani ya mwaka huo niliongezeka kilo mbili. Nilifunga vizuri, lakini futari ilikuwa muhogo wa nazi, tambi, kaimati na juisi, halafu chakula cha usiku, halafu daku. Mwaka uliofuata nilifungua kwa maji na tende tatu ndogo, kama kalori 60, nikasali magharibi kwanza, ndipo nikarudi mezani. Kusimama kule kati ya tende na sahani kulinisaidia kuliko hesabu yoyote, kwa sababu nilirudi na njaa ya kawaida.

Mtu ataniuliza: kama matembezi yanachoma kidogo hivyo, ya nini kuamka alfajiri? Kwa sababu sitembei ili nile. Natembea kwa ajili ya sukari yangu, moyo wangu na usingizi wangu, na ili nguvu za misuli zisiondoke pamoja na mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zikifika 300 ni bora zaidi. Siku mbili kwa wiki nafanya ya nguvu pia, kuchuchumaa na kuinuka, na kunyanyua ndoo za maji za lita 10. Nawaombeni msiache mazoezi kwa sababu mizani haikushuka. Yaondoeni tu kwenye daftari la chakula.

Kuna maneno ya watu pia. Kwetu mwanamke akikonda anaulizwa anaumwa nini, au mumewe kamfanya nini. Nilipofika kilo 79 shangazi yangu alinishika mkono akaniuliza kwa huruma kama nimepimwa. Nilimjibu, "Nimepimwa shangazi, na sukari imeshuka," nikamuonesha karatasi. Akaisoma mara mbili, akanirudishia, akaniombea dua.

Sasa nina kilo 76, baada ya miezi kumi ya hesabu hii mpya. Wiki nne zilizopita mizani ilisimama. Nikarudia kanuni: kwa uzito huu mwili wangu unatumia kama 1,903 kwa siku, pungufu ya zamani kwa 110. Mwili mdogo unakula kidogo hata ukiwa umelala, na unachoma kidogo hata kwenye njia ileile. Kwa hiyo nimeondoa kijiko cha chakula cha samli nilichokuwa napaka kwenye mkate wa mofa jioni, kama kalori 120, na mengine nimeyaacha yalivyo. Ijumaa nikitoka Maisara, kabla ya chai, nitapanda mizani.