Zebaki ni metali, grafiti siyo: usihukumu kwa sifa moja

Mdogo wangu, umeuliza iweje zebaki iitwe metali na ni kimiminika, halafu kaboni isiitwe metali wakati grafiti, aina ya kaboni iliyo ndani ya penseli, inapitisha umeme. Nilikwama hapohapo nikiwa kidato cha pili, kwa sababu nilitazama sifa moja tu.

Jiulize mambo kadhaa kwa pamoja. Inang'aa? Inapitisha umeme? Ukiigonga kwa nyundo inabonyea kama shaba, au inavunjika kama salfa? Zebaki huganda kwenye nyuzijoto -39 za Selsiasi, basi mezani utaiona kimiminika, ila inang'aa na kupitisha umeme. Grafiti ukiigonga inavunjika.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni oksaidi, yaani kile kinachopatikana elementi ikiungana na oksijeni. Choma magnesiamu, tia majivu yake kwenye maji: litimasi nyekundu (karatasi ya kupimia asidi na besi) inageuka bluu, dalili ya besi, hivyo magnesiamu ni metali. Gesi ya salfa inayoungua hugeuza litimasi ya bluu iliyoloa kuwa nyekundu, dalili ya asidi, hivyo salfa si metali. Silikoni iweke kati, nusu-metali.

Tafadhali fanya haya maabara, mwalimu akiwepo. Gesi ya salfa inabana kifua, hasa ukiwa na pumu, na mwali wa magnesiamu usiutazame moja kwa moja. Zebaki usiiguse kabisa. Mvuke wake ni sumu.