Watoto wa chekechea hawatulii: nakosea wapi?

Swali: Shikamoo mama. Nafundisha chekechea, watoto 32 wa miaka 4 hadi 6. Kila asubuhi nawafundisha taamuli: wanakaa wima, wanafumba macho na kuvuta pumzi ndefu kwa dakika 10. Wengi wanacheka, wawili wamelalamika kizunguzungu, na mmoja hulia kila nikisema "fumbeni macho". Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Umewapa zoezi la watu wazima. Mtoto wa umri huo hawezi kuifuata pumzi asiyoiona. Mpe kitu cha kushika, kutazama au kusikiliza, na hizo dakika 10 ziwe 1 au 2.

Nianze na kizunguzungu, maana ndicho kilichonishtua. Ukimwambia mtoto "vuta pumzi ndefu", hujaza kifua kwa nguvu, haraka haraka, tena na tena. Kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana, kichwa kinakuwa chepesi. Acha kabisa kutaja kuvuta. Sema: "Uji ni wa moto, tuupoze." Waunganishe viganja kama kikombe, waunuse uji, kisha wapulize polepole usimwagike. Pumzi inayotoka inakuwa ndefu kuliko inayoingia, na hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa tunapotoa pumzi mapigo ya moyo hupungua kasi kidogo. Mara 4 au 5 zinatosha.

Siku nyingine walaze mkekani, kila mmoja na kikombe cha plastiki juu ya kitovu. Utamwona yule aliyekuwa akirusha miguu amekikazia macho kikombe kinavyopanda na kushuka, mdomo wazi. Hiyo ndiyo taamuli yake. Au gonga sufuria kwa kijiko, kila mtoto anyooshe mkono sauti inapomwishia masikioni.

Usilifanye zoezi hili adhabu ya darasa lenye kelele, nakuomba sana. Wala usiwaahidi wazazi makubwa: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2022, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 8,000 wa sekondari, haukuona mafunzo ya aina hii yakiwasaidia kiakili kuliko yale ya kawaida ya shule.

Huyo anayelia asifumbe macho. Kuna watoto ambao giza huwarudishia jambo lililowatisha. Mkalishe karibu nawe, awatazame tu wenzake, na mzazi akija kumchukua umuulize kwa upole mtoto analalaje usiku.