Alkoholi Iliyomo Kwenye Krimu Yangu

Wiki hii dada mmoja wa Kasulu kaniandikia. Anataka kuanza kutengeneza krimu za asili kama zangu, ila kaona alkoholi kwenye lebo, anaogopa itakausha ngozi. Swali hilo nalijua. Kuna duka hapa Kigoma mjini lilinirudishia katoni nzima kwa sababu hiyohiyo, mbele ya wateja, bila kuniuliza chochote. Mpaka leo linaniuma. Krimu ni ileile, na sasa wateja wa Ujiji na Mwandiga wanaifuata nyumbani.

Mdogo wangu, inayokausha ni ethanoli, ile ya kutakasia mikono. Molekuli yake ina atomi 2 tu za kaboni, huruka hewani upesi na kuiacha ngozi kavu. Alkoholi ya kwenye lebo yangu ni nyingine, setearili: ni mchanganyiko wa setili, yenye kaboni 16, na stearili, yenye 18. Ni chenga nyeupe kama nta. Setili huyeyuka kwenye nyuzi 49 hivi. Hukaa juu ya ngozi, huilainisha na kuzuia maji yake yasipotee.

Mkemia Mfaransa Chevreul aliipata setili mwaka 1817 kwenye mafuta ya nyangumi. Siku hizi viwanda huitoa kwenye mawese na nazi, na hapo mtu wa Kigoma lazima nijidai: asidi kubwa ya mawese, palmitiki, nayo ina kaboni 16. Lakini kuigeuza asidi hiyo iwe setili kunataka hidrojeni na mgandamizo mkubwa wa kiwandani. Anayekwambia kaipika kwenye sufuria anakudanganya.

Mimi nilianza na mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi, na nta ya nyuki ya Tabora. Yalilainisha, ila yaling'aa usoni na vumbi la kiangazi likanata. Setearili ndiyo iliyonipa krimu nzito isiyoteleza kama mafuta ya kupikia.

Weka setearili asilimia 2 hadi 4 ya krimu yote. Emalsifaya, yaani kiunganishi cha maji na mafuta, bado unaihitaji, maana hii peke yake haishiki maji na mafuta yakakaa pamoja. Pasha pande zote mbili, ya maji na ya mafuta, mpaka nyuzi 70 au 75, koroga hadi ipoe. Penye maji weka kihifadhi cha kuzuia vijidudu, usibishane.

Na usikubali kuficha kitu kwenye lebo ili duka likupokee. Anayepaka ana haki ya kujua. Muulize muuzaji wako imetoka kwenye mchikichi au mnazi, kisha andika hivyo kwa herufi zinazosomeka. Mteja akisita, mpake kidogo mkononi, akae nayo hadi jioni.