Posho imepunguzwa, baraza halijakaa

Dada yangu wa Temeke, pole. Umeuliza kama mwajiri anaweza kupunguza posho ya saa za ziada kabla baraza la wafanyakazi, yaani chombo cha wawakilishi wenu na uongozi wa taasisi, halijakaa, na kwa nini mshahara wako haukupanda kwa asilimia 35.1 zilizotangazwa Mei Mosi 2025.

La pili ni jepesi. Asilimia hizo zilihusu kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Wewe uko juu ya hapo, na wa ngazi yako hawakuahidiwa kiwango hicho.

Posho ndiyo inayoniuma. Baraza halipangi ngazi za mishahara, hizo hutoka serikalini juu. Lakini bajeti ya taasisi hupitia barazani, na posho zenu zimo humo. Mabaraza haya yapo tangu Agizo la Rais la 1970, si hisani ya mkurugenzi. Kwa hiyo usiende kugombana na mhasibu, yeye analipa alichoelekezwa. Mtafute mjumbe wa idara yenu barazani (wengi hata hawamjui, jambo baya sana), muombe muhtasari wa kikao cha mwisho, msome pamoja kifungu cha posho. Kama kifungu hicho hakimo, andikeni barua kwa katibu wa baraza, nakala kwa tawi la chama chenu cha wafanyakazi, TUGHE (serikali na afya) au TALGWU (serikali za mitaa). Andikeni kwa pamoja, muwe na saini nyingi.

Na tunza hati zako za mshahara za miezi yote, za kabla na baada ya posho kupunguzwa.