Maswali ya wasomaji: Siku moja Berlin, mjusi wa Tendaguru kwanza

SWALI: Assalaam alaykum wahariri. Mwezi wa sita mimi na mume wangu tunakwenda Hamburg kwenye harusi ya mpwa wetu. Tutafikia Berlin, na Jumamosi nzima ni yetu. Kila mtu katupa orodha yake: makumbusho matano, mnara, mto, Ukuta. Magoti yetu nayo si ya ujana. Tupangeje? *Mama Z., Mikindani, Mtwara*

JIBU: Waalaykumu salaam, Mama. Punguzeni orodha ibaki mambo matatu na chakula cha jioni cha kukaa. Wengi huharibu siku hiyo kwa kuhangaika na treni kutoka kona moja ya mji hadi nyingine. Mambo matatu tunayowapendekezea yako upande mmoja.

Anzeni Invalidenstraße 43, Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya asili. Panda treni ya chini ya ardhi ya U6, shuka kituo cha Naturkundemuseum. Jumamosi wanafungua saa nne asubuhi. Jumatatu hawafungui kabisa. Humo ukumbini ndimo anamosimama mjusi wetu wa kale (dinosaria), Giraffatitan, mwenye kimo cha mita 13.27. Katoka Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini. Mifupa ilichimbwa kuanzia 1909 hadi 1913 na mamia ya watu wa kusini, msimamizi wao akiwa Boheti bin Amrani, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Alisimamishwa ukumbini 1937. Si mifupa ya mnyama mmoja tu, imeunganishwa ya wanyama zaidi ya mmoja.

Angalieni msikosee picha. Kando yake kuna mwingine mrefu wa kulala, shingo na mkia vimenyooka. Huyo ni Diplodocus, nakala ya mjusi wa Marekani, na wageni wengi hurudi nyumbani na picha yake wakidhani ndiye wa Lindi. Wetu miguu yake ya mbele imezidi ya nyuma kwa urefu, na shingo imekwenda juu kama ya twiga. Mtafuteni pia Kentrosaurus, yule mdogo mwenye miiba mgongoni. Naye ni wa Tendaguru. Saa mbili zinatosha.

Mkitoka, fuateni barabara ileile kwa miguu kama dakika kumi hadi Nordbahnhof. Hapo ndipo inapoanza kumbukumbu ya Ukuta ya Bernauer Straße, uwanja wa wazi usio na kiingilio. Una urefu wa kilomita 1.4, lakini si lazima kuumaliza. Ukuta huo, uliougawa mji mashariki na magharibi, ulijengwa 1961 ukafunguliwa Novemba 1989, na kipande kilichobaki hapo kinaonyesha kuwa haukuwa ukuta mmoja: zilikuwa kuta mbili na ukanda wa walinzi katikati.

Rudini Nordbahnhof, pandeni S1, S2 au S25, vituo vitatu tu, mshuke Brandenburger Tor, yaani Lango la Brandenburg. Lile lango la 1791 mnalipita kwa miguu mkielekea bungeni, Reichstag. Kuba lake la kioo halina malipo, ila bila kujiandikisha mapema mtandaoni msitegemee kupanda. Andikeni majina na tarehe za kuzaliwa kama zilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti zenyewe mzibebe. Juu kuna njia ya kuzunguka polepole isiyo na ngazi, magoti yatashukuru.

Kuhusu jumba la makumbusho la Pergamon, ambalo bila shaka limo kwenye orodha zenu: lilifungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa. Msilifuate kwa sababu ya kitabu cha zamani.

Jambo jingine ni jua. Juni linazama karibu saa tatu na nusu usiku kwa saa za huko, kwa hiyo msingoje magharibi ndipo mle.

SWALI: Nimeambiwa treni za Berlin hazina kondakta wala geti, mtu anajipandia. Kweli? *Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Geti hakuna, ila wakaguzi wapo, nao wanaweza kuwa na nguo za kiraia. Ukikutwa huna tiketi faini ni yuro 60, kwa kila mtu. Wageni wengi wanaonaswa tiketi wanazo mkononi, tatizo hawakuzigonga muhuri. Tiketi ya karatasi inayotoka kwenye mashine ya kituoni uitie kwanza kwenye kile kisanduku kidogo kilichosimama jukwaani, kabla ya kupanda. Mjini unatosha ukanda wa nauli wa AB, na tiketi ya saa 24 huanza kuhesabiwa ulipoigonga. Uwanja wa ndege wa BER uko ukanda C, hivyo siku ya kufika nunua ya ABC.

SWALI: Hatuli nguruwe. Tutakula nini, na bili inalipwaje? *Mume wa Mama Z.*

JIBU: Nendeni mtaa wa Kreuzberg, kwa Waturuki: mkitoka bungeni, U5 hadi Alexanderplatz, kisha U8 hadi Kottbusser Tor. Ulizeni halali kabla ya kukaa. Kalb ni nyama ya ndama, Hähnchen ni kuku. Mkiona Schwein, Speck au Schinken, hiyo ni nguruwe. Soseji ya Currywurst kwa kawaida ni nguruwe pia, hata pale ambapo haikuandikwa. Maji mkiagiza bila kusema "still", yanaweza kuja na gesi.

Bili haiji mpaka uiombe. Mhudumu atauliza "zusammen?", yaani pamoja? Bakshishi haiachwi mezani, hutajwa wakati wa kulipa: bili ikiwa yuro 37, mpe noti ya 50 useme "vierzig", arobaini, naye atarudisha kumi. Ukimpa noti huku unasema "danke", ataelewa chenji yote umemwachia. Na mwe na noti mfukoni, kwani migahawa midogo mingine haipokei kadi.

Maji na vitafunio vya safari ya Hamburg nunueni Jumamosi hiyohiyo. Jumapili maduka mengi hufungwa, yakabaki ya stesheni, na bei za stesheni ni za stesheni.